Kabati la Ihembe

Kayanga, Karagwe
10 Machi 1997

Mdogo wangu Theoneste,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wa huku tunapumua na tunakula, kwa hiyo usihangaike. Mama yuko Nyakakika kwenye kibanja chake. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote, na kila Jumapili ananiuliza kama huko Mwanza kuna shimo linalomeza watu. Namwambia upo, una kazi. Kemirembe ameanza darasa la kwanza. Baba yake bado anafundisha kule Kyerwa, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili, na anakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Ile kompyuta uliyotufungia hapa kwenye chama chetu cha wakulima Pasaka ya mwaka jana inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Ila nataka uibadilishe sura. Hicho kioo cheusi, ambacho kila kitu lazima ukiandikie jina lake ndipo kikusikilize, kitoe. Weka ile sura nyingine ya madirisha, yenye vijipicha na kile kidude cha kushika wanachokiita mausi, ambapo mtu anapeleka mshale kwenye anachokitaka na kubonyeza. Niliiona kwenye ofisi ya shirika moja la wakimbizi kabla hawajafunga virago. Ni nzuri, haichoshi macho, na naona itanifaa zaidi.

Ni jambo la haraka. Placida wa stoo anakwenda likizo ya uzazi mwisho wa mwezi huu. Msimu wa kahawa ukifunguliwa bila karatasi za kanda ya Ihembe kuwa tayari, Bwana Gaudiosus amesema ataajiri mpiga chapa mwingine. Meneja wetu unamjua, akishasema kitu hupenda kionekane. Usiniulize Placida anahusikaje. Wewe lete madirisha.

Dada yako,
Anonciata


Mwanza
2 Aprili 1997

Dada yangu Anonciata,

Milele amina, na shikamoo. Mimi ni mzima, nimehamia chumba kingine karibu na karakana, kina dirisha na jirani anayepiga ngoma za kwaya alfajiri. Mwambie Mama hakuna shimo. Mwambie pia nimenenepa, hata kama utakuwa unadanganya.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mbele ya wateja. Dada, mashine yenu ni kizee. Kumbukumbu yake ni finyu, na madirisha yanakula kumbukumbu kama ng'ombe aliyeingia kwenye migomba. Nikikuwekea, utaiwasha asubuhi, utakwenda kuchota maji, utarudi, na bado itakuwa inakuonyesha picha ya saa ya mchanga. Jenereta lenu linawashwa asubuhi tu ili kuokoa petroli. Hayo masaa ni ya kuchapa, si ya kutazama picha.

Halafu fikiria mkono wako. Wewe unachapa bila kutazama vidole tangu ulipofundishwa misheni. Ukiwa na mausi, kila mara mkono utoke kwenye batani, ukashike kidude, urudi, utoke tena. Mtu mwenye miguu mizima anaombaje mkongojo? Kwenye kioo cheusi unaandika neno moja, kazi iko mbele yako. Nilikupangia vizuri kabisa: kila kanda ina kabati lake ndani ya mashine, na kila kabati lina jina la kiongozi wake, kama Gaudiosus alivyotaka, kwa sababu wakulima wenyewe husema kahawa ya kwa fulani. Ukitaka Kiruruma unaandika SALEH. Ukitaka Nyakakika, EGBERT. Ukitaka Ihembe, andika jina la baba mkwe wako, MBONIMPA. Hata Kemirembe angeweza.

Au wale wa shirika walikuonjesha ule mchezo wa karata uliomo kwenye madirisha? Sema ukweli, sitamwambia shemeji.

Kuja siwezi kwa sasa, kazi zimenibana. Labda Krismasi.

Mdogo wako,
Theoneste


Kayanga
28 Aprili 1997

Theoneste,

Mama anakusalimu. Kemirembe aliumwa malaria, amepona. Senene wameanguka kidogo mwezi huu, nimekukaangia kopo moja ambalo halitakufikia, kwa sababu wewe huji na mimi sina mtu wa kumpa.

Barua yako nilikuwa namsomea Mama kwa sauti. Nilipofika pale ulipoandika kwa herufi kubwa nikanyamaza, na Mama akajua papo hapo kilichoandikwa. Akasema, "Huyo mtoto nilimzaa mimi kweli?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwepo.

Umekaa mjini mpaka umesahau? Tangu niingie katika nyumba ile, jina la baba mkwe halijapita mdomoni mwangu. Sijakalia kiti chake wala kumpa mkono. Nikilazimika kumtaja, namwonyesha kwa kidevu upande alipo, na kila mtu anaelewa. Wakati wa taipureta nilikuwa naacha nafasi kwenye karatasi, na Placida anaijaza kwa kalamu. Ulipotuletea hayo makabati yako yenye majina, Placida akawa anakuja kila asubuhi kutoka stoo, anaandika lile neno, anabonyeza, na mimi natazama pembeni. Tulikwenda hivyo mwaka mzima bila mtu kujua. Sasa Placida yuko nyumbani na mtoto mchanga, hatarudi upesi, na kila jenereta likizimwa kabati la Ihembe linafungwa.

Nilimwomba Gaudiosus aniandikie neno hilo moja kila asubuhi. Akajibu kwamba meneja si kidole cha mpiga chapa. Wapita njia amekataza wasiguse mashine. Nikamwomba kabati libadilishwe jina, liitwe Ihembe tu. Akasema viongozi wa kanda wameshayapenda majina yao, na hawezi kumvua mzee mmoja heshima kwa ajili ya mila za jikoni.

Unaniandikia habari za kasi. Kasi ya nani? Mashine imefunguka kabla sijakaa, sawa, na mimi nimekaa mbele yake mikono mapajani mpaka jenereta linazimwa. Hiyo ni kazi gani iliyofanyika haraka? Mimi nataka ile inayokwenda polepole na kunifikisha. Kwenye madirisha sihitaji kumwita mtu. Napeleka mshale, nabonyeza, basi. Mashine ya namna hiyo ina adabu kukuzidi wewe.

Njoo uiweke. Au ubadilishe hilo jina wewe mwenyewe, mbele ya Gaudiosus, maana wewe anakusikiliza.

Anonciata


Mwanza
19 Juni 1997

Dada Anonciata,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua ulikuwa unahesabu. Nilikuwa na kazi Magu, nikarudi nikakuta kazi nyingine. Nimefurahi Kemirembe amepona. Mama mwambie anisamehe kwa herufi zile kubwa. Sikuwaza. Nilipokuwa napanga makabati nilikuwa nafikiria mashine, sikufikiria nani ataikalia.

Lakini na wewe nisikilize. Kidole si mdomo. Ukibonyeza herufi hakuna anayesikia, hata hewa haijui. Umesoma, unaongoza nyimbo kanisani, unawasainia wazee hati zao, halafu kazi yako yote unaiweka rehani kwa ajili ya neno ambalo hutalitamka?

Kubadilisha jina la kabati kwa maelekezo ya barua siwezi. Maagizo ya kuchapa nimeyafunga kwenye majina hayohayo. Mtu akikosea alama moja, karatasi za Ihembe za mwaka mzima zinapotea. Lazima niwepo mwenyewe. Na kuja siwezi, kazi zimenibana.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na utanishukuru. Nimemwandikia mzee mwenyewe. Nimemweleza yote kwa heshima, nikamwomba akuruhusu. Yule ni mtu mwelewa, anataka kahawa ya watu wake iondoke kama wewe unavyotaka. Akishasema neno lake, hakuna mila iliyovunjwa. Utaandika na kioo cheusi kitaendelea kukimbia.

Theoneste


Kayanga
14 Julai 1997

Theoneste,

Salamu utazipata mwishoni kama nitakuwa bado nazo.

Alikuja. Ilikuwa siku ya wakulima, benchi limejaa watu wa Ihembe, na magunia yao yamelala stoo tangu msimu ufunguliwe kwa sababu karatasi hazijachapwa. Siku moja kabla, mama mmoja alikuwa ameniambia mbele ya wenzake kwamba nakula jasho lao. Sikumjibu, kwa sababu hakukosea sana. Baba mkwe akasimama mlangoni na barua yako mkononi, kofia kaivua. Hakuingia, kwa sababu anajua nami nahitaji mahali pa kusimama. Nikainuka, nikatazama sakafu.

Akasema, "Mwanangu, mdogo wako ameniandikia. Jina langu ni herufi tu. Liandike, kahawa ya watu iende. Nimekuruhusu mbele ya hawa wote."

Benchi zima likanitazama. Gaudiosus alishakunjua uso, anavuta kiti ili nikae nianze. Nilikasirika, Theoneste. Si kwa mzee. Kwako. Uliniuza kwa barua moja kama mtu anayeuza kuku wa jirani.

Nikamjibu, "Baba, nimesikia, na ninashukuru. Lakini si wewe uliyenikataza, kwa hiyo si wewe wa kuniruhusu."

Akavaa kofia, akaondoka. Gaudiosus akaniambia niandike au nitoe ufunguo wa ofisi. Nikauweka mezani. Nikamwambia ufunguo ni wa chama, lakini kazi naijua mimi, na kesho nitakuwa hapo kwenye benchi na wakulima mpaka apate anayeiweza. Nilikaa hapo wiki nzima, nikifuma kikapu, na kila anayepita nikimsalimia.

Akamleta Immaculata, msichana aliyesomea kompyuta Bukoba, kucha zimepakwa rangi. Nikaambiwa nimwonyeshe. Alifungua Kiruruma, akachapa. Akafungua Nyakakika, akachapa vizuri kabisa, nami nikamsifu kutoka moyoni. Kisha Gaudiosus akamwambia, sasa Ihembe, na akamtajia neno la kuandika. Immaculata akaondoa mikono kwenye batani kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaiweka mapajani. Gaudiosus akauliza kuna nini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ameolewa mwezi wa Februari na mtoto wa mdogo wake mzee yule, na mzee yule ni baba mkwe wake pia.

Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka. Gaudiosus alikaa ameshika kichwa muda mrefu. Msichana mwenyewe alinitazama, na mimi nikamtazama, na tulielewana bila neno. Kucha za rangi, cheti cha Bukoba, na bado hakuandika. Wewe uliona ajabu kwamba mtu aliyesoma anashikwa na neno moja.

Ufunguo alinirudishia bila maelezo. Sasa kila asubuhi meneja wetu anainama juu ya mashine na kuandika lile neno kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Magunia ya Ihembe yameondoka, yamechelewa lakini yameondoka. Ameniambia ni mpaka mwisho wa msimu. Baada ya hapo, kama mashine haijabadilika, nitabadilishwa mimi.

Mama yetu alipokimbia kwao alivuka mto Kagera akiwa na mimi mgongoni. Hakuvuka na ng'ombe, hakuvuka na chungu. Alivuka na namna ya kukaa na watu, na ndiyo aliyonipa siku naolewa, kwa sababu kingine hakuwa nacho. Hiyo siitoi ili mashine ikimbie.

Na sasa nikuulize mimi. Unasema kazi zimekubana. Zimekubana tangu meli ile izame mwezi wa Mei mwaka jana. Krismasi hukuja, Pasaka hukuja. Jambo la dakika chache linanigharimu msimu mzima kwa sababu wewe huwezi kupanda meli, na badala ya kusema hivyo unanicheka mimi kwa kuogopa herufi. Mimi siogopi, Theoneste. Mimi nimekataa. Anayeogopa ni wewe, na ningekuheshimu zaidi ungesema.

Salamu zipo. Mama anakusalimu. Kemirembe anakusalimu. Mimi bado.

Anonciata


Mwanza
30 Septemba 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana.

Ni kweli. Walipoletwa wale watu kutoka ziwani, nilikuwa miongoni mwa tuliokwenda kutambua. Nilikwenda kumtafuta mwenzangu wa karakana, nikampata. Sikukuandikia kwa sababu Mama angesikia. Tangu hapo nimekata tiketi mara mbili. Mara ya pili nilifika hadi kwenye ngazi ya meli, watu wakanipita, nikarudi na begi langu. Hata kivuko cha Kigongo sikiwezi. Wateja wa ng'ambo nawaambia kazi zimenibana, kama nilivyokuambia wewe.

Nisamehe kwa barua ya mzee. Nilidhani natatua tatizo la mashine.

Anayeleta kifurushi hiki ni Shaaban, dereva wa lori la Mzee Saleh. Ndani kuna mausi, kuna disketi nimezipanga kwa namba, na kuna kipande cha kumbukumbu nilichokipata kwenye mashine iliyokufa. Hicho mpe fundi wa redio hapo Kayanga, nimemchorea kinapoingia. Disketi utaziingiza mwenyewe moja baada ya nyingine, mashine itakuwa inakuomba inayofuata. Hakuna mahali itakapokuuliza jina la mtu. Makabati yako yatatokea yenyewe kwenye kioo, na utaelekeza mshale.

Itakuwa nzito, dada. Sitaki uje useme sikukuambia. Kila kitu nilichokueleza kuhusu kasi ni kweli. Ila ile hesabu niliipiga bila kukuweka wewe ndani.

Mdogo wako,
Theoneste


Kayanga
9 Novemba 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua inanyesha huku kana kwamba imeambiwa dunia inafungwa, na barabara ya Bukoba imekatika mahali pawili. Mama ni mzima. Nilimweleza habari zako za meli, usinikasirikie. Akasema mtoto wake asilazimishwe kukanyaga maji na mtu yeyote, na kuanzia siku hiyo swali la shimo ameliacha. Kopo la senene, hawa wapya, ninalo.

Kifurushi kilifika kikavu. Fundi wa redio aliingiza kile kipande akiwa ameshikilia pumzi, na disketi niliziingiza mimi, Placida akinisomea namba huku mtoto wake akinyonya. Ni kweli, ni nzito. Nikiiwasha namsalimia Placida, namuuliza habari za mtoto, za mama mkwe wake, za ndama, ndipo inafunguka. Halafu naifanya kazi yangu bila kumngoja mtu. Karatasi za kanda zote tatu zilikuwa tayari kabla msimu haujafungwa, na za Ihembe zilitangulia kwa sababu nilianza nazo. Gaudiosus hajasema tena habari za kunibadilisha. Ule mchezo wa karata ulionisingizia, anaucheza yeye, na mausi ikikwama ananiita.

Alhamisi alikuja baba mkwe. Watu walikuwa wachache kwa ajili ya mvua. Tangu siku ile ya Julai tulikuwa hatujaonana ana kwa ana, na mimi nilikuwa nimekaa miezi nikidhani nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya kanda yake. Alisimama mlangoni anachuruzika maji, akatazama kioo na vijipicha vyake.

Akauliza, "Mimi ni yupi hapo?"

Nikasogeza mshale mpaka kwenye kabati lake, nikauacha hapo. Akaongea taratibu, kwa Kinyambo, na mimi nakuandikia kama alivyosema.

"Mama wa watoto wangu alikufa hajawahi kuniita jina. Sasa watu wote wananiita, mpaka watoto wa sokoni. Siku ile nilipokuja kukuruhusu, mwanangu, njia nzima nilikuwa namwomba Mungu ukatae."

Akaondoka bila kuaga, na mimi sikuinua uso, kwa sababu nilikuwa nalia.

Lori la Shaaban linarudi Mwanza wiki ijayo na litapakia tena kuja huku kabla ya Krismasi. Linazunguka Shinyanga na Kahama, halipandi kivuko chochote. Njia ni ndefu kuliko ya meli, itakuchosha, na utafika. Nimeshamwambia akuwekee nafasi mbele.

Haya, sasa niandikie tena habari za kasi.

Dada yako,
Anonciata Mukandekezi